Sukari na Vitu Vishikavyo Mahali Pake

1. Utamu wa pwani yetu

Watu wa pwani ya kusini, tangu Mikindani na Mtwara mpaka Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, walijua utamu zamani, kabla sukari nyeupe haijaletwa kwao. Mgema hupanda mnazi, akakata ncha ya karara, akatungika kibuyu, na tembo tamu hudondoka ndani yake. Barani, katika misitu ya upande wa Masasi, warina asali huwafukiza nyuki kwa moshi, wakatoa masega. Mikorosho inapozaa, mabibo mekundu na ya manjano huanguka chini, na watoto huyafyonza maji yake. Mabondeni penye maji hupandwa miwa, na mtoto mwenye meno mazuri hahitaji kisu cha kuimenya.

Siku hizi sukari ya dukani imeingia kila nyumba. Twaitia katika chai na uji, katika vitumbua na mandazi, katika kashata na ubuyu. Na pamoja na sukari nyingi yamekuja maradhi ambayo babu zetu hawakuyaona mara nyingi. Kwa hiyo watu wanatafuta vitu vingine vya kutia utamu. Wengine hushika asali, wengine hushika sukari guru, na wengine hununua vidonge vidogo vilivyotengenezwa na wakemia, ambavyo kimoja chake chatosha kikombe kizima cha chai.

Ndipo watu hubishana. Wako wasemao, "Kitokacho shambani hakidhuru, kitokacho kiwandani ni sumu." Wako na wasemao, "Cha kiwandani kimepimwa na wataalamu. Basi hakina neno hata kidogo." Katika somo hili tutayaweka maneno hayo mawili katika mizani, tuone kila moja lina uzito gani.

2. Sukari na kazi yake mwilini

Mua ulianza kupandwa na watu wa kisiwa cha Guinea Mpya, mbali sana upande wa mashariki. Watu wa Bara Hindi ndio waliotangulia kuyageuza maji yake kuwa chembe kavu za sukari. Waajemi wakajifunza kwao, na Waarabu wakajifunza kwa Waajemi. Hata jina lenyewe, sukari, tumelipokea kwa Waarabu. Leo Tanzania ina viwanda vyake vya sukari, kama vile vya Kilombero, Mtibwa, Kagera, na kile cha TPC karibu na Moshi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua nyingi zilizuia miwa isivunwe, sukari ikaadimika madukani, na bei yake ikapanda sana. Wakati ule watu wengi walitambua jinsi walivyoizoea.

Sukari si adui. Mwili huifanya kuwa nguvu, kama vile moto ugeuzavyo kuni kuwa joto. Lakini ina madhara ikizidi. Kwanza, mdomoni mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Navyo hula sukari vikatoa uchachu unaotoboa meno. Pili, mtu alaye sukari kupita mahitaji yake huiweka mwilini kuwa mafuta, na unene mwingi huleta maradhi.

Kwa hiyo mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri: nguvu itokayo katika sukari iliyotiwa chakulani isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ikiwezekana, ipungue hata nusu ya hapo. Kwa mtu mzima, hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko vya chai 6. Sasa fikiri: chupa moja ya soda yaweza kuwa na sukari gramu 35 au zaidi. Mtu aliyekunywa chupa hiyo moja amekwisha kupita vijiko vyake sita, na bado hajanywa chai.

Kuna na ugonjwa wa kisukari. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa kitu kiitwacho insulini. Kazi ya insulini ni kama kazi ya ufunguo: hufungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Ufunguo ukikosekana, au mlango ukiwa mgumu kufunguka, sukari hujaa katika damu, hata hutoka katika mkojo. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliutambua ugonjwa huu kwa kuona siafu na sisimizi wakiukusanyikia mkojo wa mgonjwa. Usipotunzwa, hudhuru macho, mafigo, na miguu.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu tusimlaumu mgonjwa. Kuna namna moja ya kisukari iwapatayo hata watoto, nayo haitokani na kula vitu vitamu. Kumcheka mtoto kama huyo na kumwita mlafi ni ujinga na ni ubaya.

3. Bibi na washauri wake

Tuseme kuna bibi mmoja wa Mikindani aliyeambiwa hospitali ya kwamba ana kisukari, na kwamba apunguze sukari. Amerudi nyumbani, na watu wamekuja kumjulia hali. Jirani yake amwambia, "Mwenzangu, acha sukari ya dukani, tumia asali. Asali ni kitu cha asili, haidhuru." Ndugu yake asema, "Bora sukari guru, dada, maana haikusafishwa kwa dawa." Mwenye duka naye asema, "Chukua vidonge hivi, Bibi, utakunywa chai tamu upendavyo." Basi bibi amwita mjukuu wake asomaye darasa la sita, amwambia, "Mjukuu wangu, wewe ndiwe ujuaye kusoma humu nyumbani. Nishike lipi?"

Jambo hili si mchezo. Nyumba nyingi ziko hivyo: mwanafunzi ndiye macho ya wazee wake. Akijibu kwa haraka, mwenye kuumia si yeye. Na tumsaidie mjukuu huyu.

Tuanze na asali. Katika gramu 100 za asali, karibu gramu 80 ni sukari, na nyingi ya zilizobaki ni maji. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Lakini asali ni nzito. Kijiko kile kile cha asali huwa na kama gramu 7, na ndani yake mna sukari gramu 5 au 6. Maana yake, bibi akitia vijiko viwili vya asali badala ya vijiko viwili vya sukari, hakupunguza, bali ameongeza. Asali ni chakula kizuri, hupendeza na hutuliza koo lenye kikohozi. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari ni sukari iliyovaa nguo nyingine.

Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ni kweli haikusafishwa sana, na madini machache yamebaki ndani yake. Lakini madini yale ni kidogo mno kwa mtu atumiaye kijiko kimoja au viwili, na sehemu yake kubwa ni sukari ile ile ya dukani. Vivyo hivyo tembo la mnazi: likichemshwa mpaka likawa zito hutoa sukari ya mnazi, nayo pia ni sukari. Likiachwa lisichemshwe huchacha likawa pombe.

Bibo na matunda mengine yana habari yake. Bibo lina vitamini C nyingi, hata kulishinda chungwa. Ndani ya tunda zima sukari imefungwa pamoja na nyuzinyuzi na maji mengi, nayo huingia katika damu polepole. Tena mtu hushiba kabla hajala mengi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halikuihesabu sukari ya tunda zima katika kipimo kile cha vijiko sita, lakini sukari ya asali na ya maji ya matunda yaliyokamuliwa limeihesabu. Mgonjwa wa kisukari aweza kula tunda kwa kiasi, kama alivyoelekezwa hospitali. Lakini ukikamua mabibo kumi, ukatupa makapi, ukanywa maji yake kwa mara moja, umekunywa utamu wa mabibo kumi.

4. Je, kitu cha asili hakidhuru?

Jirani yule alisema neno jingine: kwamba asali haidhuru kwa kuwa ni ya asili. Sisi wa Mtwara ndio tunaoweza kulikanusha neno hilo kwanza, kwa sababu twala muhogo.

Muhogo mchungu ni mmea wa shambani. Hakuna mkemia aliyeugusa. Walakini ndani yake mna sumu kali iitwayo sayanidi, nayo ni ulinzi wake juu ya wanyama na wadudu. Wazee wetu walijua kuitoa kwa kumenya, kuloweka, na kuanika. Lakini wakati wa ukame na njaa sumu huzidi katika mizizi, na watu wenye njaa hawana nafasi ya kungoja. Wakila muhogo mchungu siku nyingi pasipo kuutayarisha vema, tena bila samaki wala kunde, waweza kupata ugonjwa wa konzo. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na miguu hiyo haiponi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo iliwapata watu katika mkoa wetu huu wa Mtwara, na pia upande wa Mbinga. Na wengi wao walikuwa watoto na akina mama.

Hata asali ina hatari yake. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa. Mara nyingine mna vijidudu vilivyolala ndani yake. Tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini katika tumbo la mtoto mchanga vyaweza kuamka na kutoa sumu inayolegeza viungo mpaka pumzi inakatika. Desturi ya kumlambisha mtoto mchanga asali iko mahali pengi, na haifanywi kwa nia mbaya, lakini haifai.

Wala tusiutegemee ulimi wetu utuambie kilicho salama. Warumi wa kale walichemsha maji ya zabibu katika vyungu vya risasi, wakapata kitu kitamu sana cha kutia katika divai yao. Utamu ule uliongezwa na risasi yenyewe, na risasi ni sumu. Ulimi ulisifu, na mwili uliumia. Basi neno "asili" halitoshi kuwa dhamana, wala neno "tamu."

Kuna mmea mwingine unaosifiwa siku hizi, uitwao stivia. Kwao ni Paraguay, Amerika ya Kusini, ambako Waguarani wametia majani yake katika vinywaji vyao tangu zamani. Nchini Kenya wakulima wa sehemu za Kericho nao wamepata kuupanda. Utamu wake uliosafishwa hupita wa sukari mara 200 au 300, wala hauongezi sukari katika damu. Wataalamu wa kimataifa waliukubali mwaka wa 2008, lakini waliuwekea kipimo. Tena waliokubali ni ule uliosafishwa. Majani yenyewe mabichi hayakukubaliwa Marekani kuuzwa kuwa kitu cha kutia utamu, maana hayajachunguzwa vya kutosha. Angalia jambo hili: katika mmea mmoja, kile kilichopita kiwandani ndicho kilichojulikana zaidi.

5. Sakarini, na panya waliotia watu hofu

Sasa twende kwa mwenye duka na vidonge vyake. Utamu wa kwanza uliotengenezwa na wakemia unaitwa sakarini. Mwaka wa 1879 Constantin Fahlberg alikuwa akifanya kazi katika chumba cha kemia cha mwalimu Ira Remsen, katika chuo cha Johns Hopkins, mji wa Baltimore, Marekani. Jioni moja alikwenda kula bila kunawa mikono vizuri, akaona mkate wake ni mtamu ajabu. Akarudi mbio akaonja vyombo vyake kimoja kimoja mpaka akakipata kile kilichokuwa na utamu. Bahati yake hakuonja sumu. Mwanafunzi asithubutu kumwiga.

Sakarini hupita sukari utamu mara 300 au zaidi, wala mwili hauifanyi nguvu. Huingia na kutoka kama ilivyo. Katika vita kuu ya kwanza, sukari ilipoadimika Ulaya, watu wengi waliitumia. Huko Marekani palitokea ugomvi mkubwa mwanzoni mwa karne ya 20: wakuu wa chakula walitaka kuikataza, lakini Rais Theodore Roosevelt alikasirika, kwa maana daktari wake mwenyewe alikuwa akimpa sakarini.

Ugomvi wa pili ulikuja mwaka wa 1977. Wataalamu waliwalisha panya sakarini nyingi, na baadhi ya panya wakapata saratani ya kibofu. Serikali ya Marekani ilitaka kuipiga marufuku; lakini bunge likaamua iuzwe pamoja na onyo lililoandikwa juu ya pakiti. Onyo hilo lilikaa zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 2000 liliondolewa. Kwa nini? Kwa kuwa ilidhihirika kwamba katika mkojo wa panya sakarini nyingi hufanya chembe zinazokwaruza kibofu, na mkojo wa binadamu si kama ule.

Tena fikiri juu ya kiasi. Panya wale walipewa chakula ambacho sehemu 5 katika kila 100 zilikuwa sakarini. Mtu alaye kilo moja ya chakula kwa siku angepaswa kula gramu 50 za sakarini. Zidisha kwa 300: ni utamu wa kilo 15 za sukari kila siku. Hakuna mtu anywaye chai ya namna hiyo.

Je, wale waliotoa onyo walifanya vibaya? La. Walipoona alama ya hatari walisema. Na walipojua zaidi walisahihisha. Ndivyo elimu iendavyo. Aliye mbaya ni yule ashikaye habari ya zamani asitake kusikia iliyofuata.

6. Aspatamu na kipimo cha siku

Mwaka wa 1965 mkemia mwingine wa Marekani, James Schlatter, alikuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Akalamba kidole ili ainue karatasi, akaonja utamu. Ndio mwanzo wa aspatamu, ambayo hupita sukari mara 200, nayo hutiwa katika soda zilizoandikwa kuwa hazina sukari.

Mwezi wa Julai 2023 habari mbili zilitoka pamoja, na watu wengi walizichanganya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema kwamba huenda aspatamu yaweza kuleta saratani, ila ushahidi wake ni mchache. Siku ile ile kamati ya wataalamu wa vitu vitiwavyo chakulani ilisema kwamba kipimo cha zamani hakibadiliki: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku moja.

Je, walipingana? Hapana, waliulizwa maswali mawili mbalimbali. Ni kama watu wawili watazamao kichaka kando ya njia. Mmoja aulizwa, "Je, huenda mna nyoka ndani yake?" Naye ajibu, "Huenda, sina hakika." Wa pili aulizwa, "Mtu apitaye njia hii kila siku yumo katika hatari kubwa?" Naye ajibu, "Kwa tujuavyo leo, hapana, maadamu asiingie kichakani." Tena katika daraja ile ile ya "huenda" mmewekwa na maji ya jani zima la mshubiri, mmea ambao watu wengi huusifu kuwa ni dawa ya asili.

Sasa tufanye hesabu. Soda moja ya namna hiyo yaweza kuwa na miligramu 200 mpaka 300 za aspatamu. Mtu mzima wa kilo 70 ana kipimo cha miligramu 2,800, yaani soda 9 mpaka 14 kwa siku. Lakini mtoto wa kilo 30 ana kipimo cha miligramu 1,200 tu, yaani soda 4 mpaka 6. Kitu ni kile kile, lakini kiasi kimfaacho mtu mzima sicho kiasi kimfaacho mtoto. Na wako watu wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi unaowazuia kuitumia fenilalanini, ambayo ni sehemu ya aspatamu. Kwao hata kidogo ni hatari. Ndiyo sababu ya onyo liandikwalo juu ya chupa.

Mwezi wa Mei mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri jingine: watu wasitumie vitu hivi kwa kutaka kupunguza unene, kwa maana haikuonekana kwamba vinasaidia kwa muda mrefu. Katika shauri hilo stivia nayo imehesabiwa. Lakini shauri hilo halikutolewa kwa wale ambao tayari wana kisukari. Hao hufuata maneno ya daktari wao.

7. Mahali ambapo sukari haina badala

Jambo hili lisomwe mara mbili, maana laweza kuokoa uhai wa mtu.

Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini au vidonge vya hospitali mara nyingine hupungukiwa na sukari katika damu, hasa akichelewa kula au akifanya kazi nyingi. Hutetemeka, hutoka jasho jingi, huona njaa ya ghafula, na maneno yake huvurugika. Saa ile anahitaji sukari ya kweli upesi: vijiko vinne vya sukari katika maji, au asali, au soda yenye sukari. Kidonge cha sakarini hakitamsaidia hata kidogo, wala soda isiyo na sukari. Ulimi utasema "tamu," lakini damu haitapata kitu. Akiwa amezimia, usimtie kitu kinywani asije akapaliwa. Mlaze ubavu, uite watu wazima, apelekwe hospitali mara moja.

Kadhalika mtoto aharaye. Dawa yake bora ni ile ya pakiti itolewayo hospitali. Isipopatikana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Sukari hapa haikutiwa kwa ajili ya utamu. Katika matumbo sukari ndiyo ifunguayo njia ili chumvi na maji viingie mwilini. Mtu akitia vidonge vitamu badala ya sukari, njia haifunguki.

8. Mizani ya maswali manne

Basi tumejifunza kwamba swali, "Ni cha asili au cha kiwandani?" halitoshi kumwongoza mtu. Mwenye busara huuliza maswali manne. Kwanza, ni kitu gani? Kina jina lake juu ya pakiti, au ni unga mweupe uliofungwa katika karatasi, usio na jina wala alama? Katika Tanzania, Shirika la Viwango, yaani TBS, ndilo lisimamialo usalama wa chakula tangu mwaka 2019; kitu kisicho na jina hakikupita mkononi mwake. Pili, ni kiasi gani? Tatu, ni kwa nani: mtu mzima, mtoto, mtoto mchanga, au mgonjwa? Nne, ni kwa kazi gani?

Kwa mizani hii mjukuu aweza kumjibu bibi yake hivi: "Bibi, asali na sukari guru zihesabu kuwa sukari, kama alivyokukataza daktari. Vidonge vya dukani, vikiwa na jina lake na visipopita kipimo, havitakuongezea sukari katika damu. Lakini kwanza twende tukamwonyeshe daktari pakiti hii. Na chai yako tuipunguze utamu kidogo kidogo, kijiko kimoja wiki hii, nusu kijiko wiki ijayo. Tena tuweke sukari kidogo ndani ya nyumba kwa ajili ya siku utakayotetemeka."

Wahenga walisema, "Mchovya asali hachovyi mara moja." Walijua kwamba utamu huvuta utamu. Ulimi uliozoezwa vijiko vitatu huona viwili ni uchungu. Lakini ulimi huo huo ukizoezwa kimoja, baada ya majuma machache huona kimoja chatosha. Kwa mtoto mwenye afya maji safi na tunda zima vyatosha kukata kiu yake. Hana haja ya sukari nyingi, wala ya badala yake.

Maswali

1. Kwa nini kijiko cha asali kina sukari nyingi kuliko kijiko cha sukari?
2. Eleza jinsi muhogo mchungu uonyeshavyo kwamba kitu cha asili chaweza kudhuru. Wazee wako huutayarishaje?
3. Kwa nini onyo juu ya sakarini liliondolewa mwaka wa 2000?
4. Pima uzito wako. Kipimo chako cha aspatamu kwa siku ni miligramu ngapi?
5. Taja mambo mawili ambayo sukari ya kweli hufanya, na vidonge vitamu haviwezi.
6. Mama amsikia jirani akisema mtoto wake wa miezi mitatu alambishwe asali. Utamwambia nini, na kwa maneno gani ya heshima?